Ushauri wenu wakuu: kupiga kambi na familia likizo ya Machi, Indianapolis hadi Pensacola

MsafiriTanga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa mliozoea safari za barabarani huku Marekani. Tunaishi Indianapolis. Watoto wanafunga shule wiki ya mwisho ya Machi, na theluji imetuchosha, tangu Novemba hakuna aliyetoka nje bila koti. Nimepanga tushuke Pensacola, Florida, tukapige kambi siku nne pale Fort Pickens, kwenye ncha ya kisiwa cha Santa Rosa. Tuko watano: mimi, mke wangu, mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, na watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 5.
Swali langu ni dogo tu. Niendeshe kwa siku moja au tulale njiani? Na usiku hema linatosha au kuna baridi? Mengine nimeshapanga.

Chachandu
Mama mkwe kwenye hema? Mkuu una moyo. Wangu akija nampa chumba changu, mimi nalala sebuleni na sisemi neno. Wewe umtoe Muheza, apande ndege mbili, ukamlaze mchangani? Akirudi wakimuuliza Marekani kukoje, atasema aliona turubai.

MamaImani
Sisi tulienda Gulf Shores, Alabama, mwaka juzi, ni jirani na hapo. Mchana raha tupu, nyuzi 21 au 22, nikajua nimeikimbia baridi. Nilikuwa nimejaza kaptura tu kwenye mabegi. Usiku wa pili upepo ukageuka ukaja kutoka kaskazini. Saa nane usiku tukahamia kwenye gari wote, injini inanguruma, watoto nimewavalisha soksi mikononi. Baharini hawakuingia zaidi ya magoti, maana maji ya Machi kule hayafiki nyuzi 20. Mtoto aliyezoea maji ya Raskazone pale Tanga atadhani amemwagiwa barafu.

MzeeWaKale
Vijana, hela zenu zinawawasha. Sisi tulilala nje kwa shida, ninyi mnalipia. Hiyo pesa ya mafuta na kiwanja ingetosha kuanza kuezeka nyumba ya wazazi. Nimemaliza.

DadaNesi
Kaka MsafiriTanga, pole na maandalizi. Nimesoma swali lako mara mbili. Wanaokwenda Florida kupiga kambi huuliza mbu, mamba, choo kiko wapi. Wewe umeuliza baridi, na umetaja umri wa watoto bila kusema lolote jingine. Kuna mgonjwa humo garini? Mama ana presha?

MsafiriTanga
Mama mkwe mzima kabisa, dada, anatushinda sisi kwa kutembea. Naomba turudi kwenye barabara.

DadaNesi
Sijauliza mama peke yake.

MsafiriTanga
Haya. Mwanangu mkubwa ana selimundu (sickle cell). Sikutaka kuanza na hilo kwa sababu nikilitaja watu hawasikii kitu kingine, wanaanza pole pole pole. Likizo ya Machi mwaka jana aliimaliza kitandani hospitalini, wenzake wakimtumia picha za baharini. Tangu Oktoba hajalazwa. Dawa yake ya haidroksiyurea anakunywa kila siku bila kukumbushwa.
Kilichoanzisha safari ni yeye. Yuko darasa la nne, na huku mtoto wa darasa la nne anapata kibali cha kuingia hifadhi za taifa bure, pamoja na familia yake garini. Fort Pickens ni ya hifadhi ya taifa. Alijaza mwenyewe kwenye kompyuta, akakichapisha, akakibandika kwenye friji kwa sumaku mbili. Mwisho wake tarehe 31 Agosti, hakirudi tena. Mnataka nimwambie nini? Kiwanja kina umeme, nimenunua hita ndogo, na nimeshalipa, hela hairudi.

DadaNesi
Asante kwa kusema, na sikupi pole. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, nitakwambia ninayoyajua.
Kinachomwamsha mtoto huyu usiku analia miguu ni baridi, kupungukiwa maji na uchovu. Safari yako ina vyote vitatu. Baridi inabana mishipa midogo, zile chembe za damu zilizopinda zinakwama humo, maumivu yanaanza. Hatari kubwa kuliko usiku ni saa kumi jioni, anapotoka baharini amelowa na upepo unavuma. Asiingie maji yale, acheze mchangani. Awe na koti hata kama wenzake wako kifua wazi.
Hita ya hemani sahau. Ya umeme inaweza kushika kitambaa, ya gesi inatoa hewa ya sumu mkiwa mmelala. Chupa ya maji moto, ifunge ndani ya kanga, weka miguuni, na chini yake godoro nene maana baridi ya kambi hutoka ardhini.
Joto la mwili likifika 38.5, hospitali muda huohuo. Usimpe panado ukasubiri asubuhi. Na daktari wake wa damu amesemaje?

MsafiriTanga
Sijamwambia bado. Kliniki ni wiki ijayo.

PwaniYaGhuba
Mimi naishi Mobile, Alabama, pale napajua. Kaka, hapa ndipo nitakukatisha tamaa. Barabara ya kwenda Fort Pickens ni moja tu. Kutoka Pensacola Beach ni kama maili 7 za utepe mwembamba wa lami, maji huku na maji huku. Upepo wa kusini ukichafuka, bahari inapanda juu ya lami na mchanga unaifunika, na watu wa hifadhi wanaifunga. Wewe uko ncha ya kisiwa, mtoto ana homa ya 38.5 saa saba usiku, na hospitali ziko ng'ambo. Utapitia wapi?
Halafu hilo la hela hairudi si kweli. Viwanja vile tunalipia kwenye tovuti ya serikali. Ukighairi mapema unakatwa dola 10, basi.

MsafiriTanga
Nimeangalia utabiri, hakuna dhoruba. Watu wanalala pale na watoto wachanga.

PwaniYaGhuba
Utabiri wa wiki tatu mbele, kaka?

Kibogoyo77
Wakuu mnachoshwa bure. Hii chai. Huyu bwana Septemba alikuja humu anatafuta chumba cha kupanga Indianapolis, cha mtu mmoja, jiko la kushea. Leo ana mke, watoto wawili na mama mkwe wa Muheza. Mtoto mgonjwa katokea jibu la tatu, hela hairudi katokea hapohapo. Kesho asubuhi mtaona namba ya kuchangia. Nimekaa pale.

Chachandu
Hata mimi nilijiuliza mama mkwe kakubali vipi.

MamaImani
Na mtoto wa miaka 9 mwenye selimundu, baba hajampigia daktari? Hapo nami nimesita kidogo.

MzeeWaKale
Nilisema mapema, hamkunisikia.

MsafiriTanga
Kibogoyo77, chumba nilikuwa namtafutia mdogo wangu aliyekuja chuo. Rudi kwenye uzi ule, jibu la tano nimesema hivyo. Mchango sijaomba na sitaomba, nina bima na nina kazi.
Sina picha ya mwanangu ya kukuonyesha wewe. Nina daftari. Kila siku tunaandika chupa ngapi za maji, dawa saa ngapi, maumivu yako wapi, sifuri mpaka kumi. Anaandika yeye, mimi nasaini. Jumamosi: chupa 6, dawa saa moja, sifuri. Jumapili: chupa 5, dawa saa moja, sifuri.
Ila Jumapili usiku, taa imeshazimwa, aliniita akaniambia mguu wa kushoto unauma, kama tatu. Nikampaka mafuta, nikamkanda mpaka akalala. Kabla ya kulala aliniomba nisiandike, safari isije ikafutwa. Sikuandika. Ndiyo maana nimekuja humu kuuliza habari za barabara.

DadaNesi
Sasa umeandika?

MsafiriTanga
Leo asubuhi, mbele yake. Hakusema kitu, alikunywa uji akaenda kupanda basi la shule. Kliniki nimewapigia mchana, wamemsogeza hadi Alhamisi hii.

Kibogoyo77
Mkuu, nimeuona ule uzi. Samahani.

PwaniYaGhuba
Daktari akiruhusu, fanyeni hivi. Ghairini kiwanja, chukueni nyumba ndogo mjini Pensacola upande wa bara, yenye jiko, mama apike. Asubuhi mnaingia kisiwani kwa kibali cha kijana, akikabidhi yeye mwenyewe pale getini. Hema mnalisimamisha uani kwenye hiyo nyumba, aliingie na kutoka atakavyo. Kisiwani kuna ile ngome ya matofali, Geronimo, yule kiongozi wa Waapache, alifungwa pale kuanzia 1886. Kijana wa darasa la nne atamaliza saa mbili humo ndani, na hakuna upepo. Jua likianza kuinama mnatoka.

MsafiriTanga
Alitaka kulala hemani. Kulala hasa. Ngoja nimsikie daktari Alhamisi, kisha nitamuuliza yeye.

DerevaWaMizigo
Nimesoma uzi wote, swali la barabara hakuna aliyejibu. Napita barabara kuu ya I-65 kila wiki. Kwenu mpaka Pensacola ni kama maili 750, usiende kwa siku moja. Ondoka saa tatu asubuhi, watoto wameshakunywa chai. Kila baada ya saa mbili simama, atembee, anywe, akojoe. Nashville uipite saa saba mchana kwa saa zao, maana unarudisha saa moja nyuma, kabla watu hawajatoka kazini. Saa kumi na moja jioni uko Birmingham, laleni hapo. Kesho yake ni mwendo wa kama saa nne tu, na kabla ya Mobile unachepuka kushoto kuelekea Flomaton.
Chupa zake za maji usifungie kwenye buti. Ziweke miguuni pake. Na mama mkwe akae mbele, apate kunyoosha magoti.