Chaneli ya michezo ya Marekani kuzimwa Ulaya: tulipoteza au tulikombolewa?

Mkesha (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kila Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ikikaribia, huku Ulaya kwenye baridi tunabishana jambo hilohilo, kwa hiyo nalimwaga hapa.

Desemba 2002 chaneli moja iliyoitwa NASN ilianza kurusha matangazo kutoka Dublin, chini ya Setanta, kampuni ya runinga za michezo ya Ireland. Kazi yake ilikuwa kuwaletea watu wa Ulaya besiboli, hoki ya barafu, mpira wa Kimarekani na michezo ya vyuo, mubashara, usiku kucha. ESPN, wakubwa wa runinga za michezo wa Marekani, wakainunua, Februari 2009 wakaibadilisha jina kuwa ESPN America, Agosti 2013 wakaizima.

Mimi nasema ilikuwa hasara, na pengo lile halijazibwa. Leo ligi zinajiuzia zenyewe kwenye programu za simu. Sawa, lakini programu inamfaa anayejua anachokitafuta. Mimi besiboli sikuitafuta. Nilikuwa natoka zamu saa kumi alfajiri, nabandika sufuria, nawasha runinga, namkuta mtu kashika gongo anatazamana na mwenzake dakika nzima na hakuna kinachotokea. Nilicheka. Wiki ya tatu nikawa namfokea refa. Nani angelipia kitu kama kile kabla hajakionja?

Halafu kikapu cha vyuo. Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, alikuwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) hadi 2009. Machi ya mwaka ule walicheza na Syracuse pale Madison Square Garden, New York, mechi ikaenda vipindi sita vya nyongeza, UConn wakafa 127 kwa 117. Ilipoisha, Brussels ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na ushee, watu wako kwenye tramu. Mechi kama hizo zilihitaji chaneli isiyolala.

Bawabu
Mleta mada, unamlilia marehemu aliyekuwa anakutoza kila mwezi. Ilikaa kwenye vifurushi vya kulipia, hujalipa huoni. Huo uonjaji unaousema ulikuwa wa wenye pesa.

Waliofundisha Ulaya ni runinga za bure. Waingereza walianza kuonyeshwa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na Channel 4 mwaka 1982, kwa antena ya kawaida juu ya paa. Huku Ujerumani tuliipata ProSieben, na tangu 2023 iko RTL. Novemba 2022 timu za Tampa Bay na Seattle walipokuja Allianz Arena, Munich, tiketi ziligombaniwa kama mkate wa moto. Wale hawakutoka kwenye chaneli yako ya Dublin, kaka. Walikaa sebuleni kwa mama zao Jumapili jioni.

Mimi msimamo wangu ni kwamba haki zipewe runinga ya bure kwanza, wengine wagombanie makombo.

Mama Pacha
Nyote wawili mnaongea kama watu wasio na watoto. Mechi ya saa moja jioni New York kwangu ni saa saba usiku. Chaneli ilikuwa inanipa mechi wanayoitaka wao, saa wanayoitaka wao. Programu inaniachia timu yangu, naitazama asubuhi nikiwapigia pasi sare, matokeo nimeyakwepa kama deni.

Na msidhani intaneti ilikuja baadaye kuiua runinga. MLB, ligi ya besiboli, walirusha mechi yao ya kwanza mtandaoni Agosti 2002, NASN ilikuwa hata haijawashwa.

Ila nakubali jambo moja linaniuma: kila ligi ina bili yake. Hoki bili, besiboli bili, NFL bili. Kifurushi kimoja kilikuwa nafuu ya kichwa.

Kijiweni
Timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya 2009, Thabeet alichaguliwa wa pili. Harden na Curry, waliokuja kuwa nyota, wa tatu na wa saba. Naomba hili lisijadiliwe, tuendelee na mada.

Mkesha
😂 Kijiweni, umetonesha kidonda.

Bawabu, kwa NFL nakupa. Lakini runinga ya bure inachukua kile chenye umati, na bajeti ikibana inatupa. Channel 5 ya Uingereza walionyesha besiboli usiku wa manane tangu 1997, wakaiacha 2008. Waliokuwa wamejifunza pale walikimbilia wapi? Kulekule kwenye chaneli ninayoililia.

Tena tazama ilivyokufa. Juni 2009 Setanta ilianguka Uingereza, ESPN wakachukua mechi zake za Premier League. Mwaka 2012 BT, kampuni ya simu ya Uingereza, wakawanyang'anya haki hizo kwa msimu wa 2013 na kuendelea, na mwanzoni mwa 2013 wakanunua chaneli za ESPN za Uingereza na Ireland. Mimi naona hapo ndipo hamu ya ESPN kubaki Ulaya ilipokwisha. Waingereza walirithishwa vipande ndani ya BT Sport. Sasa mwambie mtu wa Antwerp aliyekuwa anafuatilia hoki yake kwamba alizimiwa kwa sababu ya mnada wa soka ya London.

Bawabu
Hapo umenibana kidogo. Lakini bado hujajibu: ingerudi leo, ungeilipia?

Mkesha
Kuanzia Aprili hadi Oktoba, msimu wa besiboli, ndiyo. Miezi mingine Mama Pacha anigawie nywila yake.

Mama Pacha
Thubutu.