Njaa ya baada ya mbio inanimaliza: chapati, uji, mayai au mtindi, kipi kinashika tumbo?

Mzee_wa_PolePole (Dar)

Wakuu habari za asubuhi. Nina tatizo ambalo naona aibu hata kumwambia mke wangu maana ndo anayepika. Najiandaa na nusu marathoni ya Moshi mwishoni mwa mwezi wa pili, nakimbia siku nne kwa wiki, Jumanne na Alhamisi kilomita tano tano, Jumapili ya kunyoosha miguu tu, Jumamosi ndo ndefu, natoka Kinondoni nashuka Coco navuka Daraja la Tanzanite mpaka Posta narudi, kama kilomita 16 hivi.

Sasa shida ni hii. Nikifika nyumbani njaa sina kabisa, hata harufu ya chakula inanikera. Naoga, nakunywa maji, napiga stori na majirani. Ikifika saa nne kasoro ndo linakuja lenyewe, na sio njaa ya kawaida hii, ni ile ya kutetemeka mikono. Jumamosi iliyopita nimekula chapati nne na chai ya maziwa, saa sita wali maharage sahani mbili, saa kumi nikajikuta nimesimama mbele ya friji na kijiko nachota mbaazi za kiporo ambazo zilikuwa za mtoto za kesho yake. Nilianza mazoezi nina kilo 82, sasa hivi 84. Yaani wenzangu wanakimbia wanapungua mimi nakimbia nanenepa.

Nimeshajaribu vinne bila mpangilio: chapati na chai, uji wa ulezi, mayai mawili na mkate, mtindi na ndizi. Kila kimoja siku moja kinanishika, siku nyingine wala. Nyie mnakula nini?

Dada_Kimara

Kaka shida yako mimi naiona kabla hata ya kufika kwenye chakula. Unatoka saa ngapi na umekula nini usiku? Maana ukikimbia 16 tumbo tupu tangu saa mbili usiku, af ukirudi unakaa masaa mawili mengine unapiga stori, mwili utakudai na riba. Ile kukosa njaa ukifika ni kawaida, mbio ngumu zinaishusha homoni ya njaa kwa muda, kama saa moja hivi au zaidi, na joto la Dar nalo linaua hamu ya kula. Wengi tunadhani hatuna njaa kumbe imejificha tu.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nikajiwekea sheria, ndani ya nusu saa lazima kitu kiingie, nina hamu sina hamu. Hata mtindi glasi moja na ndizi. Kwangu mtindi ndo mshindi kwa sababu hiyo tu, hautafunwi, unateremka hata kama hutaki chakula, na ndizi inakupa wanga. Ila sio mlo huo, nisikudanganye. Baada ya saa moja nakula chakula chenyewe. Watu wanakosea hapo, wanakunywa mtindi wanasema tayari nimekula.

Kibe_wa_Karura (Nairobi)

Mimi niko na maoni tofauti kidogo. Hapa kwetu ukimaliza kukimbia ni chai kwanza, ya maziwa na sukari, halafu nduma (nyinyi huita magimbi) ama viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Nduma moja kubwa na mayai matatu mimi hunifikisha hadi lunch bila kuguza kitu. Mkate haunisaidii hata kidogo, nikila slaisi nne saa nne niko kwa kibanda natafuta mandazi.

Nilienda Iten mara moja kutembea, huko ni juu kitu mita 2,400, nikaona vile wale wakimbiaji wenyewe hula. Hakuna mambo mengi. Chai ya maziwa yenye sukari wakitoka tu mazoezini, mkate ama uji, mchana wali ama githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma na maziwa mala. Wanga ndio chakula yao karibu yote. Lakini usione hivyo ukaanza kujaza ugali kama mlima, hao hukimbia mara mbili kwa siku wiki nzima, wewe na mimi tunakimbia halafu tunaketi kwa ofisi.

Bwana_Uji (Morogoro)

Naona uji unaachwa achwa hapa sasa ngoja niutetee. Tatizo la uji sio uji, ni mpishi. Ule mwepesi wa kunywa kwa kikombe kama chai, maji matupu na sukari vijiko vinne, hata ndoo nzima haikushiki, unajaza tumbo maji saa moja baadae umekojoa umebaki mtupu. Uji wa mkimbiaji unatakiwa uwe mzito wa kijiko, ulezi, upikwe na maziwa, ukikaribia kuiva unatia karanga za kusaga vijiko viwili, sukari kidogo au ndizi mbivu ya kuponda. Huo ukila bakuli moja unaheshimu.

Jingine, ule unga wa lishe wenye nafaka kumi na mbili ndani achana nao. Karanga na soya zikishasagwa hazikai vizuri, zinachacha, af mahindi na karanga zikihifadhiwa vibaya zinapata sumukuvu, sumu ya ukungu, na hiyo huioni kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha. Nunua ulezi peke yake, karanga chambua mwenyewe, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, saga kidogo za wiki moja.

supu_ni_uhai

Mnateseka bure. Supu ya ng'ombe, chapati mbili, limao, pilipili. Chumvi iliyotoka na jasho inarudi, nyama ipo, joto lipo. Mengine ni mapambo.

Dada_Kimara

@supu_ni_uhai hiyo kweli inashika sikatai, ila ile saa moja asubuhi umetoka mbio tumbo limejikunja ukimwaga mafuta yale na pilipili juu yake, utatafuta choo cha jirani 😂 Mimi imenitokea njiani.

Nesi_Mkimbiaji (Mwanza)

Naomba niingize hesabu kidogo maana mtoa mada amesema amepanda kilo mbili na hakuna aliyemjibu hilo.

Kwa makadirio, kukimbia kilomita moja kunatumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wako. Una kilo 84, Jumamosi ya kilomita 16 umetumia kama 1,300. Hiyo ni nyingi kweli, na siku hiyo kula vizuri ni haki yako. Lakini Jumanne ukikimbia tano umetumia kama 400 tu. Chapati kubwa ya mafuta moja inaweza kufika 300. Sasa jiulize, Jumanne unakula chapati ngapi? Nina wasiwasi unakula ya Jumamosi siku zote nne. Saa za mkononi nazo zinadanganya sana hapo, ikikuandikia umeunguza 700 usiikimbilie jikoni.

Kuhusu kipi kinashika, kuna utafiti wa zamani wa Chuo Kikuu cha Sydney, 1995, walipima vyakula 38, watu walilishwa kiasi chenye nguvu sawa af wakaulizwa njaa zao kwa masaa mawili. Mkate mweupe ndo ulikuwa kipimo, ukapewa 100. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323, hakuna kilichovifikia. Samaki 225, mayai 150, ndizi 118, mtindi 88. Wale hawakuwa wametoka kukimbia kwahiyo usiuchukue kama msahafu, ila unaona kwa nini mkate unakuangusha na kwa nini Kibe na nduma yake anafika mchana. Kitu kizito chenye maji na nyuzi ndani yake kinakaa tumboni, ukiongeza protini kinakaa zaidi. Yai moja lina kama gramu 6, mawili hayatoshi kwa mwili wako baada ya mbio ndefu, fanya matatu, au mawili na glasi ya maziwa.

Mawili ya pembeni. Wadada mnaokimbia na mna damu kidogo, hiyo chai msiinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, subirini saa moja. Na wewe mtoa mada, hiyo ya kutetemeka mikono, kama inakuja hata siku usizokimbia, au una kiu isiyoisha na unakojoa mara nyingi, nenda kapime sukari. Sikutishi, kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni.

MtotoWaPwani (Mombasa)

Nesi umesema kweli. Mie mwalimu wangu wa njaa ni Ramadhani. Nakimbia jioni pale Mama Ngina kama dakika arubaini kabla ya maghribi, pole pole tu, kwa hivyo nikifika mezani nina njaa ya mchana kutwa na ya mbio juu yake. Miaka ya kwanza nilikuwa nikianza na bhajia na viazi karai, ya mafuta mafuta hayo, nala mpaka siwezi kusimama, na saa nne ya usiku njaa iko pale pale, wallahi nashangaa imepita wapi.

Sasa hivi ni tende tatu na maji, nasali kwanza, hizo dakika kumi na tano ndizo zinazoniokoa maana nikirudi mezani ile pupa imeshatulia. Halafu uji, halafu mbaazi za nazi na samaki. Mahamri mawili, si sita. Ndugu yangu mwenye kuvamia friji, jaribu hivyo, kitu kidogo kitamu kwanza, ungoje, ndipo mlo. Ukiukalia mlo na njaa ya kutetemeka huwezi kupima, mkono unakwenda wenyewe.

Bwana_Uji

Mtindi 88 na uji wa ulezi hawakuupima, basi mie naupa 400 😄

Mzee_wa_PolePole (Dar)

Narudi baada ya wiki mbili na nusu, samahanini kazi zilinibana. Kwanza sukari nimepima iko sawa, asante nesi. Pili nimekaa nimeandika kwenye daftari kama mtoto wa shule, nilikula nini na njaa imerudi saa ngapi.

Nilichobadilisha cha kwanza ni kula ndizi moja kabla ya kutoka saa kumi na moja, na nikifika tu glasi ya mtindi hata nikiwa sina hamu. Hilo peke yake limeondoa kutetemeka, sijatetemeka tena hata siku moja. Ila mtindi bila mlo wa nyuma yake nilipimia Alhamisi moja, saa tatu na nusu nilikuwa nauliza bei ya sambusa ofisini.

Chapati mbili na chai, nikaanza kusikia njaa baada ya masaa mawili, na ndo chakula ninachokipenda kuliko vyote hivyo inaniuma kuandika. Mayai mawili na mkate, vilevile tu, labda nusu saa zaidi. Uji wa Bwana_Uji niliupika mwenyewe, wa kwanza ukaungua chini, wa pili ukatoka vizuri, ulinifikisha saa tano na nusu, sasa ndo chakula changu cha Jumanne na Alhamisi. Supu nilijaribu Jumapili, nilishiba mpaka saa nane ila nililala kama nyoka aliyemeza mbuzi, mazoezi ya Jumapili hiyo sikumbuki.

Jumamosi nilifanya viazi mviringo vinne vya kuchemsha, mayai matatu, kachumbari, chumvi. Jamani. Saa saba mke wangu ndo ameniita kula, mimi nilikuwa nimesahau. Nimerudia Jumamosi iliyofuata kwa viazi vitamu, nayo imeshika ila sio kama ile. Kosa langu kubwa ni lile alilolisema nesi, nilikuwa nakula ya Jumamosi siku ya Jumanne. Mzani bado unasoma 83 na pointi kwahiyo sijaanza kushangilia.

Kibe_wa_Karura (Nairobi)

Kwa hivyo nduma haukujaribu.

Mzee_wa_PolePole (Dar)

Magimbi kwetu nimeyakuta sokoni ila mke wangu hayapendi anasema yanawasha koo. Jumamosi hii ni kilomita 18. Viazi vimeshachemshwa usiku huu, viko mezani vimefunikwa na sahani, nilihesabu vinne sasa hivi naviona vitatu na mtoto yuko kimya sana.