Naomba ushauri: kihamba au imani yangu?

Bwana asifiwe ndugu zangu. Mimi ni kitindamimba, Mchaga wa Rombo, na kwetu kitindamimba ndiye anayeachiwa nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Baba alitangulia. Sasa baba mkubwa anasema sikabidhiwi mpaka Desemba, ukoo ukikutana, nichinje mbuzi na kumwaga mbege (pombe yetu ya ndizi) nikiwaomba wazee waliolala wanilinde. Nikikataa, anapewa binamu. (Baba mkubwa ni mzee wa kanisa, tena Jumapili hakosi.)

Kula mbuzi na ndugu sina shida hata kidogo. Shida yangu ni yale maneno ya kuwaomba marehemu. Marko 8:36 inauliza mtu atafaidika nini akiupata ulimwengu wote na kupata hasara ya nafsi yake, na mimi naambiwa ekari moja na nusu ya migomba na kahawa! Vijana wafiadini wa Namugongo, Uganda, walichomwa moto 1886 kwa kukataa kumwacha Kristo. Mimi sitachomwa, lakini mama bado anaishi humo, na akihamishwa sina pa kumpeleka. Luka 14:28 inataka mtu apige hesabu ya gharama kwanza. Sawa, ila gharama hii anailipa mama.

Kuna aliyewahi kukubaliana na ukoo asimamie chakula, maombi yafanywe na mchungaji? Wazee waliambiwaje wasione wamedharauliwa? Na kisheria, mama mjane anaweza kutolewa kwa uamuzi wa kikao cha ukoo? Mistari ninayo, nisaidieni njia.