Bunduki gani ya .22 ambayo huiuzi hata uwekewe dau gani?

Mluguru_Ohio:
Wakuu, habari za wikendi.

Mwezi ujao nahama, naingia apatimenti ndogo ghorofa ya tatu, na sefu langu la bunduki halipandi zile ngazi. Nimeamua nibaki na .22 moja tu, hizi bunduki za risasi ndogo. Ninazo mbili: Ruger 10/22 niliyoinunua mpya, na Marlin Model 60 kuukuu, kitako kimechubuka, niliyoitoa duka la rehani kwa bei ya kutupa. Jamaa wa kazini wote wanasema baki na Ruger, vipuri vyake vimejaa kila kona. Ila kila nikienda kulenga shabaha najikuta nimebeba Marlin.

Wenye uzoefu, mngeambiwa mbaki na moja, ingekuwa ipi na kwa nini? Siasa za bunduki zina nyuzi zake humu jukwaani, tuziache huko tafadhali.

Baba Neema:
Mdogo wangu, kwangu hilo lilishaamuliwa zamani. Sefuni mwangu kuna bunduki zinazokuja na kuondoka, halafu kuna CZ 452, .22 yangu ya Ucheki. Hiyo haina bei. Mwanangu mkubwa alishaanza kuuliza nitamwachia nani, nikamwambia mwenyewe bado naitumia.

Nipo Missouri kusini, jirani na msitu wa Mark Twain. Huku msimu wa kindi unafunguliwa Jumamosi ya nne ya Mei na kufungwa tarehe 15 Februari, mwisho kindi 10 kwa siku. Ukiwa na shotgani utakula nyama yenye chembe za risasi, na nyumbani kwangu mpishi hataki habari ya jino kugonga chuma mezani. Kwa hiyo ni .22, na ni kichwani.

Kwa nini CZ? Sababu ya kwanza haina utaalamu wowote. Nimekulia Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge. Msimamizi mmoja alikuwa na Brno ya .22, ya Czechoslovakia, na sisi watoto tulikuwa tunakimbizana kumwokotea kanga aliowaangusha. Malipo yetu yalikuwa maganda ya risasi, tunayapuliza kama filimbi mpaka mama zetu wanayatupa chooni. Miaka ikapita, nikaingia duka la bunduki huku, ukuta mzima ni za Kimarekani, na pembeni kabisa imeegeshwa moja nyembamba, kitako kimeinama kwa nyuma. Niliijua kabla sijasoma maandishi. Zilitengenezwa Uherský Brod, Ucheki, na ukoo wake na ile Brno ni mmoja.

Yangu ni toleo la Lux. Mtutu wake una sentimita kama 63, kitako ni cha mti wa jozi, na kilengeo cha nyuma kina kitelezi chenye alama kuanzia mita 25 hadi 200. Hizo mita 200 ni matumaini ya mhandisi, mwindaji asizifuate. Darubini ninayo, naifunga majani yakiwa mengi, yakishapukutika naivua.

Ule urefu wa mtutu watu wanaulalamikia kwamba unanasa matawi. Kweli unanasa. Lakini baruti ya .22 ni kidogo mno, inamaliza kuungua mapema sana kabla risasi haijafika mdomoni, kwa hiyo mlio unatoka umepoa. Nimeshapiga kindi mmoja, na wa mti wa pili akaendelea kumenya njugu yake.

Sasa sababu yenyewe hasa. Kila .22 inachagua chakula chake, na hakuna fundi atakayekuambia mapema inapenda nini. Yangu niliilisha kila boksi la risasi lililokuwa dukani, za bei mbaya za Kijerumani, za Eley, zile za kumwagwa kwenye ndoo. Ikang'ang'ania CCI Standard, yenye uzito wa grani 40, futi 1,070 kwa sekunde. Hiyo iko chini ya kasi ya sauti tangu inatoka. Zile za kasi zinaondoka juu ya kasi ya sauti, halafu zinashuka chini yake zikiwa njiani, na hapo ndipo zinapotikisika. Vilengeo nimeviweka sawa kwa yadi 50. Kwenye 75 najua inashuka inchi mbili na nusu hadi tatu, kwenye 100 inashuka inchi saba. Hayo sisomi popote, nikiona mti jicho linapandisha lenyewe. Nikiiuza CZ nitakuwa nimeuza na hayo yote, na anayenunua hatayapata, atapewa mbao na chuma tu.

Ina ubaya wake, nisiwe kama bwana harusi. Sefti yake iko kinyume na za Marekani: ukiisukuma mbele ndiyo salama, ukiivuta nyuma ndiyo moto. Mgeni simwachii kabla hajanionyesha yeye mwenyewe, bila risasi, kwamba ameelewa. Walipotoa modeli mpya, 457, walibadilisha, wakafanya kama wanavyotaka wateja wa huku. Sina haja nayo.

Kwa hiyo wewe baki na Marlin. 10/22 inatengenezwa tangu 1964, ukiitaka tena mwaka kesho utaikuta dukani. Model 60 ilitoka 1960, ina mtutu wa mifereji 16 midogo midogo, na mingi niliyoiona inapiga vizuri kuliko bei yake. Remington, waliokuwa wenye Marlin, walipofilisika 2020, Ruger wakainunua Marlin na kuanza kurudisha zile za kukoki kwa wenzo kwanza. Unatumia risasi gani? Na lini mara ya mwisho ulisafisha ndani? Model 60 ikijaa masizi huanza kukwama, watu wakailaumu bure.

TX_Mtanga:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapa napinga.

10/22 yangu siiuzi. Nimeifunga mtutu mzito, triga nyepesi, kitako cha kaboni, darubini ya maana. Ile magazini ya kuzunguka ya risasi 10 haijawahi kunikwamia hata nikiwa nimeijaza vumbi la huku Texas. Kitu kikivunjika naagiza usiku, keshokutwa kiko mlangoni. Marlin likivunjika kibanio utazunguka mitandaoni kutafuta kipuri cha mitumba. Kijana anahamia apatimenti, mpeni kitu kisichomsumbua.

Baba Neema:
Marahaba mwanangu. Mtutu mwingine, triga nyingine, kitako kingine. Basi usichouza ni kile kipande cha alumini chenye namba. Kisheria hata hivyo uko sawa, huku hicho kipande ndicho bunduki, vingine vyote vinaletwa na tarishi kama viatu.

Magazini nakubali, Ruger hapo walipatia.

Mama Kip:
Hamjambo wote. Mimi niko Minnesota, na kusema ukweli Kenya sikuwahi kushika bunduki. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, ukionekana na .22 msituni utajieleza kwa KWS, shirika la wanyamapori. Hii nimejifunzia huku, kwa ajili ya kijana wangu.

Yetu ni Remington Nylon 66, nilimnunulia kutoka kwa mzee wa kanisa letu aliyekuwa anaacha kuwinda. Ilianza kuuzwa 1959. Kitako na mwili wote ni nailoni ya DuPont, uzito kama ratili nne, kwa hivyo hata alipokuwa mdogo hakuchoka kuibeba. Haitaki mafuta ndani kabisa. Huku Januari mafuta yanaganda kwa bunduki za wengine, wanasimama wakipuliza vidole, sisi tunaendelea.

Mwaka huohuo 1959 Tom Frye, mfanyakazi wa Remington, alirushiwa vipande vya mbao 100,010 hewani akivipiga na hizo Nylon 66. Alikosa 6. Namfikiria zaidi yule aliyekuwa akirusha.

Juzi bwana mmoja aliiona nikiitoa kwa gari, akaanza kunitajia pesa papo hapo pale maegeshoni. Nilipandisha kioo. Kijana akienda chuo itabaki na mimi, na akirudi aiombe kwa adabu.

Mluguru_Ohio:
Mama Kip, hapo kwenye kioo nimecheka peke yangu.

Mzee, nimefuata maneno yako. Nilikuwa naitumia zile za ndoo. Jana nimeifungua Marlin, uchafu uliotoka sitaki kuusimulia, kitambaa cha tano bado kilikuwa cheusi. Nikanunua boksi la CCI Standard na boksi la CCI Mini-Mag. Standard zilitapanya. Mini-Mag, ambazo ndizo za kasi, kwenye yadi 50 zimekaa pamoja, ukiweka sarafu ya senti 25 unazifunika zote isipokuwa moja, na hiyo moja ni mimi nilivuta triga vibaya.

Kwa hiyo imekataa chakula chako, mzee!

Marlin inabaki. 10/22 naiuza, ina magazini tatu za akiba. Kuna jamaa wa Kentucky ananiambia tukutane katikati ya njia, anipe pesa taslimu.

Baba Neema:
Safi. Imeshakuambia inachotaka, sasa kanunue Mini-Mag za kutosha zenye namba ileile ya toleo, usije ukaanza upya.

Huyo wa Kentucky msikutane barabarani. Mnunuzi akiwa jimbo jingine lazima ipitie duka lenye leseni, ajaze fomu 4473 ya serikali, wamkague rekodi yake. Ada ya duka alipe yeye. Na hizo magazini tatu usimtupie bure, kila moja ina bei yake.

TX_Mtanga:
Magazini nazitaka mimi. Nakuja PM, kwa ujumbe wa faragha.