Lake Placid wikendi hii: nina siku moja tu, Ijumaa au Jumamosi?

MamaTromboni (Albany), Jumanne 18 Machi 2025

Habari zenu wapenzi wa barafu. Naomba ushauri, tena wa haraka, maana msimamizi wa zamu anataka jibu keshokutwa asubuhi.

Nusu fainali za ECAC, ligi ya hoki ya barafuni ya vyuo vya kaskazini mashariki mwa Marekani, ni Ijumaa hii tarehe 21, fainali Jumamosi 22, Lake Placid. Timu mnazijua: Quinnipiac na Cornell, Clarkson na Dartmouth. Mimi nafanya zamu za usiku, na wiki nzima ya kubembeleza nimeambulia ruhusa ya siku moja. Nikichukua Ijumaa, Jumamosi saa moja jioni niko wodini. Nikichukua Jumamosi, Ijumaa ni vilevile.

Binti yangu yuko Cornell mwaka wa pili, anapiga tromboni kwenye bendi ya hoki. Mimi hoki nilikuwa siijui kabisa. Siku ya kwanza aliponipeleka uwanjani kwao, Lynah, nilijua naenda kusikiliza muziki. Nakuta wageni wanatambulishwa, na jukwaa zima la wanafunzi wamejifunika nyuso kwa magazeti, wanajifanya wanasoma, kila jina likitajwa wanaguna kama watu waliochoshwa na maisha. Mzee mmoja pembeni akaona nimekaa uso wazi, akanichania nusu ya gazeti lake. Ulikuwa ukurasa wa matangazo ya vifo. Nikajifunika hivyo hivyo. Utambulisho ulipokwisha magazeti yakafinyangwa yakarushwa, na mimi nikarusha marehemu zangu, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo sijakosa mechi, hata kama ni ya kusikiliza redioni.

Sasa hesabu yangu ndiyo hii. Jumamosi ndiyo kombe. Lakini Cornell wakifungwa Ijumaa, bendi inapanda basi kurudi Ithaca, na mimi nabaki na tiketi ya kutazama watoto wa watu. Ijumaa mwanangu nitamwona kwa uhakika, ila wakishinda, fainali ya mwisho ya kocha wao Schafer nitaifuatilia kwenye simu chooni. Ingekuwa ninyi mngefanyaje?

Mzee_wa_Syracuse, Jumanne

Mama Tromboni shikamoo ya mbali. Nenda Ijumaa, wala usipoteze usingizi.

Fainali ni mechi moja yenye mashabiki wa timu mbili. Ijumaa ni mechi mbili, miji minne imehamia kijiji kimoja, na hakuna aliyekwisha kulia bado. Nimekwenda Jumamosi nyingi. Nusu ya watu uwanjani ni wale ambao timu yao ilitolewa jana, wamekaa na jezi zao kama wageni waliokosa basi la kurudi.

Mimi hii michuano nimeifuata kila ilikohamia. Ilikuwa Lake Placid kuanzia 1993 hadi 2002. Ikaja hapo kwenu Albany 2003, ikakaa mpaka 2010. Halafu mtu fulani akaona busara kuipeleka Atlantic City, 2011 hadi 2013. Hoki ya barafuni, ufukweni, katikati ya makasino! Viti vitupu nilivyoviona kule sitavisahau. 2014 wakarudi Lake Placid na hapo pametulia, maana kijiji chenyewe ni cha barafu. Uwanja ndio ule ambao vijana wa vyuo wa Marekani waliwafunga Wasovieti 4–3 tarehe 22 Februari 1980, na sasa unaitwa kwa jina la kocha wao, Herb Brooks.

Kuhusu Cornell, usiwasome kwa namba. Wameingia kama timu ya sita kwa sababu msimu mzima nusu ya kikosi kilikuwa kwa daktari. Majeruhi wamerudi, wamewatoa Colgate ugenini, na golini yupo Ian Shane ambaye mwaka huu anamaliza. Mwaka jana walichukua kombe hili hili kwa kuwafunga St. Lawrence 3–1 fainali. Kombe lao la 13, hakuna chuo chenye mengi kuwazidi. Na Mike Schafer anastaafu baada ya misimu 30. Msimu wake wa kwanza, uliomalizika 1996, alilibeba papo hapo Lake Placid. Wanasimulia kwamba enzi zake akiwa mchezaji alijivunjia fimbo kichwani wakati wa utambulisho kabla ya mechi na Harvard. Mtu wa namna hiyo hamwachi mwanao arudi na basi mapema.

Ila nakuonya: hawa watatu, Cornell, Clarkson na Dartmouth, hawana mlango mwingine. Bingwa wa kila ligi kati ya sita anaingia moja kwa moja kwenye michuano ya taifa ya timu 16, nafasi kumi zilizobaki mwaka huu zinajazwa kwa hesabu za Pairwise, yaani orodha inayolinganisha timu mbili mbili kwa matokeo yao. Quinnipiac hesabu zinawabeba hata wakifungwa. Wengine ni kombe au nyumbani. Kwa hiyo Ijumaa utawaona wanavyoteleza kwa roho zao zote.

Hamden_damu, Jumanne usiku

Mzee, hilo la "hata wakifungwa" ndilo linalotuumiza sisi wa Quinnipiac.

Tumeongoza ligi ya kawaida miaka mitano mfululizo. 2023 tulikuwa mabingwa wa taifa pale Tampa, tuliwafunga Minnesota 3–2, goli la ushindi sekunde ya kumi ya muda wa nyongeza. Watu wengine walikuwa hawajarudi vitini kutoka mapumziko. Sasa niulizeni kombe la Lake Placid tunalo mangapi. Moja. 2016.

2022 fainali, Harvard wakatufunga muda wa nyongeza. 2023, mwaka ule ule wa ubingwa wa taifa, Colgate wakatutoa nusu fainali. Mwaka jana St. Lawrence, nusu fainali tena. Nikiiona ile milima mke wangu ananiambia uso umebadilika rangi. Kocha Pecknold timu anayo, sina shaka naye. Shaka yangu ni kwamba vijana wanajua Jumapili majina ya zile timu 16 yakitangazwa wao wamo, na yule wa upande wa pili anajua akifungwa msimu umekwisha. Njaa hizo mbili hazilingani.

Mama, Ijumaa. Njoo utuzike mapema.

DhahabuYaPotsdam, Jumatano

Naona mnamshauri dada yetu kwa woga. Dada, njoo Jumamosi, maana Jumamosi itakuwa Clarkson na Cornell na mtakuja kunishukuru.

Fikirieni wenyewe. Casey Jones alikuwa kocha wetu Clarkson misimu 13. Kiangazi kilichopita akatuaga, akaenda Cornell, chuo alichosoma, kukaa pembeni ya Schafer mwaka mmoja kisha arithi kiti. Yaani aliyetupa kombe la 2019 pale pale Lake Placid, kwa kuwafunga hao hao Cornell 3–2 muda wa nyongeza, sasa amesimama kwenye benchi lao. Mimi sina kinyongo. (Ninacho.)

Na historia ya hapo sisi na ninyi ni ndefu kuliko umri wangu. 1970 fainali ya taifa ilichezwa Lake Placid, Cornell 6, Clarkson 4, beki wao Dan Lodboa akafunga matatu kipindi cha mwisho. Cornell wakamaliza 29 bila kufungwa wala kutoka sare. Kule kwetu Potsdam lile jina halitajwi wakati wa kula.

Mwaka huu tunaye Ayrton Martino. Kama hujamwona: hapigi paki (kile kisahani kinachochezewa) kwa nguvu, anaishikilia nusu sekunde zaidi ya vile kipa alivyotarajia, kipa ameshapiga magoti, ndipo anaitumbukiza juu. Halafu sisi ndio wa karibu zaidi. Saa moja na nusu, mbili kukiwa na theluji, tuko mlangoni. Uwanja utakuwa kijani na dhahabu.

Mzee_wa_Syracuse, Jumatano

Kijana, mbona Dartmouth umewaruka kama hawapo? Nao ni kijani, utachanganyikiwa mwenyewe. Hawa mara ya mwisho kucheza michuano ya taifa ilikuwa 1980, na kombe hili hawajawahi kulishika hata siku moja. Mwaka jana walifika hapo hapo nusu fainali, Cornell wakawatoa. Miaka 45 ya njaa, wewe unapanga fainali.

DhahabuYaPotsdam, Jumatano

Shikamoo mzee. Nimekaa.

mgeni_wa_paki, Jumatano

Samahanini, mimi mgeni wa mchezo huu, ndio kwanza nimehamia Plattsburgh na nataka kwenda Ijumaa na mdogo wangu. Mechi ikiwa sare kunapigwa penalti? Na ni kweli wanapigana ngumi kama kwenye televisheni? Mdogo wangu ana miaka tisa.

Hamden_damu, Jumatano

Karibu sana. Ijumaa penalti hakuna. Msimu wa kawaida ikiwa sare wanacheza dakika tano, watatu kwa watatu, kisha mapigo ya mmoja mmoja. Mtoano ni watano kwa watano, dakika 20, na nyingine 20, na nyingine, mpaka paki iingie. 2021 kule Fargo, Minnesota Duluth na North Dakota walikwenda vipindi vitano vya nyongeza, dakika 142 na ushee za mchezo. North Dakota walikuwa nyuma 2–0 zikiwa zimebaki dakika mbili hazijatimia, wakasawazisha, halafu wakateseka mechi nyingine nzima na zaidi ndipo wakafungwa. Kipa wa Duluth misuli ilimkaza akatolewa, akaingia mwenzake akiwa wa baridi.

Ngumi hapana. Chuoni ukipigana unatolewa nje na mechi inayofuata huchezi, na wote wanavaa kofia za kufunika uso mzima, utampiga nani wapi. Mlete mdogo wako. Mletee na kitu cha kukalia, viti ni baridi.

MamaTromboni, Alhamisi alfajiri

Nimetoka kazini sasa hivi, nimewasoma nyote kwenye maegesho gari likipata moto.

Hilo la mechi isiyo na mwisho ndilo lililoniamulia. Jumamosi ningekuwa natazama saa. Ijumaa hata wakicheza mpaka saa nane usiku sina wa kumkimbilia. Nimemwandikia msimamizi: Ijumaa.

Kijana wa Potsdam usinune, Jumamosi mkikutana kweli na sisi, mimi niko chooni na simu, na dada mmoja wa zamu yangu ameahidi kugonga mlango mara mbili wagonjwa wakiniita. Na Hamden, pole mapema, lakini mwanangu anasema bendi imefanya mazoezi ya wimbo maalumu kwa ajili yenu. Hakutaka kuniambia ni upi.

Maswali mawili ya mwisho. Natoka Albany kwa Northway, ile barabara kuu ya kwenda kaskazini, hadi toka la 30, kisha barabara ya 73 kupitia Keene. Mwezi huu pakoje? Mwaka jana pale kwenye vile viziwa viwili vyembamba vya Cascade simu ilikata mawasiliano na theluji ikaanza, nikaendesha nyuma ya lori la chumvi mpaka nilipoona ile minara ya kurukia ski, nikajua nimefika. La pili: Harvard hawapo, Clarkson wamewatoa, kwa hiyo wale samaki ambao mashabiki wa Cornell huwarushia hawahitajiki mwaka huu. Lakini magazeti wanaruhusu kuingia nayo kule, au ni mambo ya Lynah tu?

Mzee_wa_Syracuse, Alhamisi

Barabara wanaisafisha, ila pita hapo Cascade kukiwa na mwanga na ujaze mafuta kabla ya kuacha Northway. Usiegeshe Main Street, utazunguka ziwa mara tatu. Egesha juu kidogo, ushuke kwa miguu upande wa shule, utapita kando ya uwanja wa wazi ambako Eric Heiden alizoa dhahabu tano ile 1980. Siku hizi utakuta watoto wanateleza na mama zao.

Gazeti beba moja, likunje ndani ya koti. Tutakaa nyuma ya bendi. Mimi ni yule mwenye kengele ya ng'ombe.

MamaTromboni, Alhamisi

Nimelipata la chumba cha mapumziko kazini. Safari hii nimechagua ukurasa wa michezo.