Tupeane uzoefu: mtoto wa darasa la tatu mmemsaidiaje, shuleni na nyumbani?

Mama Binti (mleta mada)

Habari zenu wadau. Binti yangu kaingia darasa la tatu na naona mambo yamebadilika ghafla. Darasa la pili alikuwa anarudi na hesabu za kujumlisha, anamaliza, anaenda kucheza. Sasa kuna kuzidisha, kugawanya, mafumbo ya mistari mitatu, na masomo mengine anatakiwa asome mwenyewe kitabuni halafu ajibu maswali.

Juzi kanisomea aya nzima bila kukwama popote. Nikamuuliza, "Sasa huyu mzee alikuwa anatafuta nini?" Akanitazama tu. Kasoma vizuri, ila hakuna kilichobaki kichwani.

Ushauri wa "kaa karibu na mtoto" nimeusikia sana. Naomba mliopita hapa mniambie: wako alikwama wapi hasa, mligunduaje, na mlifanya nini siku ya kawaida, kila mtu karudi amechoka?

Mwalimu Mstaafu

Dada, umeliona jambo lenyewe. Madarasa ya mwanzo mtoto anajifunza kusoma, halafu anafika mahali anatakiwa asome ili ajifunze. Jeanne Chall, mtafiti wa Harvard, alizipanga hatua hizi mwaka 1983, na mpito huo huwakuta watoto wengi wakitoka darasa la tatu kwenda la nne. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi. Watoto waliofika wakisoma kama kasuku walikuwa wengi, na wazazi wao walishangaa kwa sababu sauti ilikuwa nzuri.

Kabla hujanunua kitabu cha ziada, fanya hivi. Chukua habari fupi ambayo hajawahi kuiona. Msomee wewe, yeye asikilize tu, kisha muulize maswali matatu. Siku nyingine chukua habari ya ugumu uleule, asome mwenyewe, umuulize vilevile. Akielewa akisikiliza lakini asielewe akisoma, basi kazi ya kusoma yenyewe inamla nguvu zote, hata kama husikii akigugumia. Asipoelewa hata akisomewa, shida iko kwenye msamiati au kwenye lugha ya shuleni, na hapo dawa ni nyingine kabisa: kumsomea, kuzungumza naye, kumweleza mambo ya dunia.

Baba wa Mapacha

Mwalimu kasema vizuri. Mimi nije na kuzidisha, maana huko ndiko tuliumia.

Nina mapacha. Mmoja alikariri tebo kwa kuimba, ndani ya muda mfupi kamaliza. Mwenzake akiimba anafika 7 mara 6, ukimkatisha anaanza upya kutoka 7 mara 1. Na alishaamini kuwa hesabu ni za nduguye, yeye si zake. Hilo la pili liliniuma kuliko tebo zenyewe.

Nikachora jedwali la 1 hadi 10 kwenye karatasi kubwa. Vyumba 100. Akaliangalia akakata tamaa. Nikampa penseli ya rangi nikamwambia tufute unazozijua. Mstari wa 1 na wa 10, anazijua, tukafuta wima na mlalo. Mara 2 ni kujumlisha namba kwa yenyewe, futa. Mara 5 anazihesabu akicheza, futa. Mara 9 nikamwonyesha siri yake: 9 mara 7, toa moja kwenye 7 unapata 6, halafu 6 na ngapi ni 9? Na 3. Jibu 63. Akajaribu zote mwenyewe, zikakubali, futa.

Vikabaki vyumba 25. Nikamuuliza 7 mara 8 na 8 mara 7 zina tofauti gani. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kufuta mwenyewe bila kuambiwa. Vikabaki 15. Akaniambia, "Baba, kumbe ni hizi tu?"

Hizo 15 tukaziandika kwenye vikaratasi, swali mbele jibu nyuma. Tatu kwa jioni, na za jana lazima zirudi leo, na za wiki iliyopita zichomekwe katikati. Muhimu ajaribu kukumbuka kwanza ndipo ageuze karatasi. Akisoma jibu tu hakuna kitu kinakaa.

Kalamu Nyekundu

Nakazia hapo kwa Baba wa Mapacha, tena msiwalinganishe watoto hata kwa utani.

Upande wa mafumbo: wangu alikuwa akiona namba mbili anajumlisha, hata swali liseme nini. Nikawa nafunika namba kwa kidole. "Mkulima ana magunia kadhaa, kayagawa sawasawa kwa watoto wake." Namwambia anisimulie kinachotokea na achore. Akishachora magunia na watoto, naondoa kidole. Mara nyingi anajua mwenyewe kuwa hapa ni kugawanya.

Shangazi Mlezi

Namlea mtoto wa kaka yangu. Daftari lilikuwa linarudi na maandishi ya mwalimu: hayuko makini, ananakili ovyo, anazungumza na jirani. Nyumbani namwona mtoto ametulia kabisa. Nikakaa na madaftari yake jioni moja nikayapitia kurasa kwa kurasa. Kazi alizonakili kutoka kitabuni ziko safi. Alizonakili kutoka ubaoni, 3 imekuwa 8, maneno yamekatika katikati. Na yale mazungumzo na jirani? Alikuwa anamuuliza pale pameandikwa nini!

Nikaenda shuleni na madaftari mawili, nikamfungulia mwalimu kurasa hizo tukaziangalia pamoja. Sikwenda kumlaumu, ana watoto wengi. Mwalimu huyohuyo alimhamishia mbele siku ileile. Tukampima macho, akapewa miwani. Mtoto hakuwahi kulalamika kwa sababu alidhani kila mtu anaona hivyo.

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kumwita mtoto mvivu, pimeni macho. Na masikio pia, hasa mkiona anajibu kitu tofauti na alichoulizwa.

Zamu ya Usiku

Wengine hapa hatupo nyumbani jioni. Mimi naingia kazini wakati mwanangu anatoka shule. Tulichofanya: bibi yake anakaa naye, mtoto anasoma ukurasa mmoja anajirekodi kwenye simu, ananitumia sauti. Nikipumzika nasikiliza, namjibu kwa swali moja tu la kweli, kwa mfano "Kwa nini huyo mtoto alimficha mbuzi?" Kesho yake ananijibu. Bibi hasomi vizuri, lakini anasikiliza, na mtoto anapenda kusomea mtu anayecheka mahali pa kuchekesha.

Halafu usingizi, ndugu zangu. Chama cha madaktari wa usingizi Marekani kinapendekeza saa 9 hadi 12 kwa usiku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Wangu akilala chini ya hapo, kesho yake anasahau hata alichokijua. Simu inatoka chumbani, hakuna mjadala.

Mzazi wa Kijijini

Mimi lugha ya shuleni siimudu. Naona aibu kuandika hapa lakini nauliza, mzazi kama mimi anafanya nini? Kwa sasa namwambia anieleze kwa lugha ya nyumbani alichofundishwa leo. Inasaidia au napoteza muda wake?

Mwalimu Mstaafu

Hupotezi muda hata kidogo, na usione aibu. Mtoto akilijua jambo kwa lugha ya nyumbani, shuleni anabakiwa na kazi ya kujifunza majina mapya tu, maana yenyewe anayo. Endelea, na umuulize "umejuaje?" na "nionyeshe". Akishindwa kueleza, hapo ndipo pa kumwambia akamuulize mwalimu kesho. Swali hilo moja, akienda nalo shuleni, lina faida kubwa kuliko kumwandikia majibu.

Na kazi za nyumbani zisigeuke vita. Kipimo kinachotumika sana ni dakika 10 kwa kila darasa, yaani darasa la tatu kama dakika 30. Zikipita sana na mtoto analia, funga daftari, mwandikie mwalimu alipofikia. Mwalimu mzuri anataka kujua hilo.

Mama Binti

Asanteni sana wote. Mwalimu, nimefanya lile jaribio. Nikimsomea anaelewa kila kitu, hata ananiuliza maswali yaliyonishinda. Akisoma mwenyewe anashika nusu. Sasa nifanyeje? Na nitajuaje kama ni tatizo kubwa zaidi, hii disleksia inayosemwa, ule ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno?

Mwalimu Mstaafu

Basi habari njema, akili ya kuelewa ipo. Mpe habari rahisi kuliko za darasani: ukurasa wenye maneno matano asiyoyajua ni mgumu, mwekee mwingine. Asome aya ileile mara tatu, siku mbilitatu, mpaka maneno yatoke yenyewe. Mwisho wa kila aya afunike kitabu akwambie kwa maneno yake. Na usiache kumsomea hadithi kubwa kuliko umri wake, kwa sababu msamiati wake unakua kupitia masikio.

Kuhusu disleksia: ukiona bado anaunganisha herufi kwa shida, anakisia neno kwa kuangalia herufi ya kwanza, neno alilosoma juu ya ukurasa halijui chini yake, na hasa kama kwenye ukoo kuna aliyepata shida hiyo, omba shule ikuelekeze kwa mtaalamu sasa hivi. Usikubali kuambiwa atakua ataacha. Nenda na daftari lake la imla.