Pambano la mikokoni: kitabu cha 2014 kinasema gumu, cha 2024 kinasema jepesi

MsimamiziRaskazone
Wakuu habari za jioni. Naandaa pambano la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) kwa wachezaji wanne, wote leveli 3: mpiganaji (uhai 28, kinga 18, yaani namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ili ampate), kuhani (24, kinga 18), mnyemeleaji (24, kinga 15) na mchawi (17, kinga 12). Mahali nimepachora kama mikoko ya Tongoni hapa kwetu Tanga: maji yamekupwa, jahazi limekaa juu ya matope, na ndani yake kuna nahodha wa maharamia na maharamia sita wenye pinde. Wahusika wanatokea futi 60 kutoka jahazini.

Nahodha ana XP (pointi za uzoefu, ndizo kipimo cha uzito wa adui) 450, maharamia 25 kila mmoja, jumla 600. Kwa kitabu cha sheria cha 2014 maadui saba wanazidishwa kwa 2.5, napata 1,500. Hilo ni gumu, na mpaka wa hatari ya kifo ni 1,600. Kwa kitabu cha 2024 hakuna kuzidisha, na 600 ndiyo bajeti kamili ya pambano jepesi. Takwimu za maadui natumia za 2014. Nifuate kipi?

Dadu20_Ngamiani
Mkuu, vitabu vyote viwili vinapima kitu kimoja kwa njia tofauti, na hakuna kinachojua ramani yako. Ile ya kuzidisha inajaribu kuhesabu wingi wa mapigo, ila kitabu hichohicho cha 2014 kinakwambia usiwahesabu maadui walio dhaifu sana kuliko wenzao, isipokuwa kama unaona watachangia kweli. Kwa hiyo swali ni je, hawa sita wanachangia? Tupige hesabu ya raundi moja.

Haramia anaongeza 3 kwenye dadu ya pande 20. Kinga ya kundi lako kwa wastani ni kama 16, kwa hiyo anahitaji 13 au zaidi: asilimia 40. Mshale wake unaondoa uhai d8+1 (dadu ya pande nane, jumlisha 1), wastani 5.5. Sita wakifyatua ni kama 13 kwa raundi. Nahodha akifika karibu anapiga mara tatu, jumla 18.5 zote zikipata, na anapata nusu: kama 9. Hiyo ni 22 kwa raundi dhidi ya uhai wa 93, raundi nne na ushee. Upande wako, bila uchawi mkubwa, kundi la namna hii huondoa uhai 20 hadi 22 kwa raundi. Maadui wana uhai 65 wa nahodha na 66 wa wale sita, yaani 131. Raundi sita.

Bila shaka kadiri maharamia wanavyoanguka mishale inapungua, kwa hiyo hali si mbaya kama inavyoonekana. Lakini mtazame mchawi peke yake. Kinga 12, haramia anahitaji 9 tu, asilimia 60. Mishale sita ikimlenga yeye: 6 × 0.6 × 5.5 = 19.8. Ana 17. Analala chini kabla ya zamu yake. Hapo ndipo pambano lako linapoharibika, na hakuna jedwali litakalokuonyesha.

Punguza wapiga pinde wawe wanne. Wanne wakimlenga ni 13.2, anabaki amesimama na anapata nafasi ya kujificha nyuma ya mkoko.

BintiPangani
Naongezea la matope, maana ndilo zito zaidi hapa. Matope ni ardhi ngumu kupita: kila futi inagharimu mbili. Mwenye kasi ya futi 30 anasogea 15 kwa zamu. Akitumia kitendo chake kukimbia anasogea 30, basi futi 60 ni zamu mbili nzima bila kupiga hata pigo moja, huku mishale inanyesha. Zidisha hiyo 13 ya kaka hapo juu kwa raundi mbili: 26 bure. Sogeza mwanzo uwe futi 30, au weka mizizi mirefu ya mikoko njiani iwape kificho cha nusu, yaani +2 kwenye kinga.

Upande wa pili, usiwapange maharamia wote kwenye sitaha. Mchawi wa leveli 3 ana Shatter, uchawi wa kishindo unaopiga eneo zima, na anaweza kuipiga walau mara mbili kwa siku. Ni duara la nusu kipenyo futi 10, 3d8 (dadu tatu za pande nane), wastani 13.5, na haramia ana uhai 11. Wakisongamana, anawafuta watatu kwa zamu moja na pambano limekwisha. Watawanye: wawili jahazini, wawili nyuma ya ngalawa, wawili kwenye mwamba.

Na tafadhali usitegemee maji kujaa katikati ya vita. Raundi ni sekunde 6. Raundi sita ni sekunde 36, hata bamvua haiji hivyo.

Dadu20_Ngamiani
Kweli dada, hilo la futi 60 nililipita. Mkuu, uliza pia: siku hiyo wana mapambano mangapi? Kitabu cha 2014 kinakadiria sita hadi nane ya wastani au magumu kati ya mapumziko marefu. Kama hili ni la pekee, watamwaga kila kitu na 1,500 itakuwa ya kawaida. Kama ni la nne, mchawi hana Shatter tena, na kuhani hana cha kuponya.

MsimamiziRaskazone
Ahsanteni sana. Ni la tatu kwa siku hiyo. Nabadilisha hivi: mwanzo futi 30, nahodha na wapiga pinde wanne waliotawanyika, wawili waliobaki wanatoka msituni raundi ya tatu wakiwa na majambia tu. Nahodha akishuka chini ya uhai 30, anayeweza kukimbia anakimbia.

BintiPangani
Wale wawili wa raundi ya tatu watokee upande wa mpiganaji. Wakitokea nyuma ya mchawi umerudi palepale.